Siku Mama Alipomwambia Ziraili Sipo

Uvimbe wa kwanza niliukuta shingoni nikinyoa ndevu, mdogo kama punje ya korosho, na kwa kuwa mimi ni mtu niliyesoma, nikaamua ni jino. Nilikaa na jino hilo vuli nzima. Korosho zikaokotwa Kibiti yote, zikapakiwa kwenye malori, zikaondoka, na jino langu likazaa wenzake kwapani. Mke wangu Hawa ndiye aliyeniuliza kama na kwapani nako nimeota meno.

Naandika haya nikiwa nimemaliza dripu zote sita. Nywele zimerudi, laini kama za mtoto mchanga na zenye mvi kuliko zile zilizoondoka. Daktari amesema uvimbe hauonekani kwa sasa. Hilo "kwa sasa" utalizoea. Ugonjwa wenyewe unaitwa saratani ya mitoki, na sitajaribu kuueleza, madaktari wapo. Wewe uliyeambiwa wiki hii, au unayemsindikiza aliyeambiwa, nataka nikusimulie mambo ambayo mimi hakuna aliyenisimulia, na zaidi jambo moja lililotupata kwenye benchi, mimi na mama yangu.

Hakuna aliyeniambia, kwa mfano, kwamba dawa mojawapo ni nyekundu, na kwamba jioni yake utakojoa mkojo mwekundu kama juisi ya choya na kudhani umekwisha. Hakuna aliyeniambia kwamba kucha zitakuwa nyeusi, au kwamba wali utakuwa na ladha ya msumari. Mama alikuwa analeta mchele wake mwenyewe kutoka Maparoni, ule wa shambani kwake, pamoja na kamba wakavu. Zamani harufu ya kamba wale ilikuwa inanitoa kitandani. Baada ya dripu ya kwanza ilinitoa pia, ila nilikuwa nakimbilia chooni. Mama alikaa jikoni na sufuria yake akasema, "Hata kamba hawatambui tena," kama mtu anayeeleza kwamba mwanawe amerukwa na akili.

Nywele zilitoka siku moja, bafuni. Nilitokea nikiwa na kipara, Hawa akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ila akabaki amekaa.

Kabla sijaugua nilikuwa na makala moja niliyojivunia, kuhusu namna watu wanavyoipa mauti sura. Nilimweleza yule wa Wazungu, mifupa mitupu ndani ya joho jeusi, fyekeo begani, nikaandika kwa mbwembwe zangu za siku zile kwamba akifika Rufiji atapelekwa kwanza shamba la mpunga akavune. Nilimweleza yule wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha. Nilimweleza Ziraili wa video za vichekesho za Dar, kijana aliyejipaka unga usoni na kujifunga shuka, ambaye kila mara anakosea nyumba. Mwishoni, kwa aya moja na kwa dharau kidogo, nilimweleza Ziraili wa mama yangu.

Huyu hana fyekeo wala unga. Ni malaika mtiifu mwenye kazi nyingi. Mbinguni, anasema mama, kuna mkunazi mkubwa, na kila jani lina jina la mtu. Jani likianguka, Ziraili analiokota, analisoma, anashuka. Hana chuki na yeyote. Ila sura za watu hazijui, anajua majina tu, kwa hiyo akifika mahali anaita, na anayeitika ndiye. Ndiyo maana kwetu ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, unanyamaza. Hata mimi mwenye digrii mbili huwa nanyamaza, nasema ni mazoea.

Mama alikuwa na sababu zake za kumjua hivyo. Kabla yangu alizaa watoto watatu na wote hawakufika mwaka. Mimi nilipozaliwa, bibi hakunipeleka ndani. Alinichukua na damu yangu akanilaza kwenye jalala nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya muhogo na majivu, jirani akapita akajifanya ameniokota, akauliza takataka hii ya nani. Nikaitwa Jalala. Ziraili gani atashuka toka mbinguni kufuata takataka? Nikaishi. Baba ndiye aliyeniandikisha shule kwa jina la Sefu, na toka siku ile nilimkataza kila mtu kutamka lile la kwanza, hasa nilipofika chuo kikuu, ambako lingeniua kabla ya saratani.

Wiki niliyoambiwa ugonjwa, mama alivuka maji kutoka Maparoni, akafika kwetu Kibiti, akavua kanga ya juu, akatangaza nyumbani mwangu kwamba Sefu hayupo tena. Aliyepo ni Jalala.

"Mama, mimi nimeolewa na Sefu mbele ya mashahidi," Hawa alisema. "Huyo Jalala sijamkubali."

"Unataka uolewe na jina au unataka mume?"

Hawa alifikiri. "Nitamwita Baba Rehema," akasema, kwa kuwa binti yetu anaitwa hivyo. Mama akaridhika. Shehe wa mtaa alipokuja kunisomea dua alimweleza mama taratibu kwamba hayo hayamo katika dini. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akamkaribisha chai, akamwambia, "Sukari hiyo hapo, Shehe, Jalala atakusogezea."

Hivyo nikawa na majina matatu. Jalala kwa mama, Baba Rehema kwa mke, na Sefu hospitali, huko Dar, ambako tulikuwa tunafikia kwa binamu yangu Mbagala na kwenda alfajiri kuwahi benchi.

Benchi ndilo ugonjwa wenyewe. Dripu ni saa chache, benchi ni maisha. Unakaa na watu walewale kila baada ya wiki tatu, unajua nani amekonda, nani amebadilisha wigi, nani hajaja na hakuna anayeuliza. Hapo ndipo mama alipokutana na Bi Somoe, Mmatumbi wa kutoka Umwe, aliyekuwa anamsindikiza binti yake Zainabu. Mama ni Mndengereko. Makabila haya mawili ni watani, maana yake wana ruhusa ya kutukanana mpaka makaburini, na wao waliianza ruhusa hiyo kabla hata ya salamu.

"Wee Mndengereko, sogea. Hili benchi, si mtumbwi."

"Nisogee wapi? Nyie wa milimani mmezoea mawe, kaa chini hapo."

"Ngoja tu. Naomba ufe masika, kaburi lijae maji, tukuzike kwa kupiga mbizi."

"Na mimi ukifa nitajilaza humo kaburini kabla yako, sitoki mpaka wanao walete kuku."

Benchi zima lilikuwa linacheka. Watu wenye mabomba mikononi, watu wasio na nyusi, wanacheka. Nesi alikuwa anachungulia kuona kuna nini. Hayo ndiyo ninayoyaita rehema ndogondogo, na usiyapuuze ukiyapata.

Rehema nyingine ilikuwa ndimu ya Zainabu. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mama wa watoto wawili, ushungi umefungwa vizuri juu ya kichwa kisicho na nywele. Kuanzia dripu ya pili, mimi nilikuwa natapika kabla ya kuwekewa dawa, kwa harufu ya chumba tu. Zainabu aliniona, akatoa kipande cha ndimu kwenye mfuko wa nailoni.

"Kaka, nusa. Usiifikirie dawa. Fikiria ndimu."

Nilinusa. Ilisaidia. Yeye aliniambia kwamba anachohofia si sindano, ni barabara, kwa kuwa masika ikichachamaa njia ya kwao inakatika.

Dripu yangu ya tatu iliangukia mwanzo wa masika hiyo. Zainabu, ambaye dripu zake zilikuwa za kila wiki nne, zamu yake ilikuwa wiki inayofuata, lakini yeye na mama yake walikuja mapema kuomba kwamba nafasi ikipatikana wamuweke, kabla maji hayajafunga njia. Damu yake ilikuwa imeshapimwa, ni nzuri. Wakaambiwa wasubiri, labda mtu hatatokea.

Siku ile ndimu haikunitosha. Nilikwenda chooni nikatapika, nikakaa huko mpaka miguu iliponirudia. Niliporudi, mama alikuwa ametulia na tasbihi yake. Zainabu hayupo. Bi Somoe alikuwa amesimama, furaha imemjaa.

"Mwanangu kapata kiti! Mtu mmoja hakuja."

Nilimpongeza. Nikakaa. Wakaitwa wengine, wakaitwa wengine tena. Benchi likapungua. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mwishowe nikamfuata nesi.

"Wewe ndiye Sefu?" alishangaa, kwa kuwa alikuwa mgeni hapo. "Nimekuita mara tatu, baba. Yule bibi pale ndiye aliyeniambia hayupo. Nikamuuliza ametoka kidogo? Akasema hayupo kabisa, hakuja." Alikuwa mpole. Alisema dawa za siku ile zimeshagawiwa zote, nirudi wiki ijayo, ataniweka wa kwanza.

Nilimgeukia mama. Sikuhitaji kuuliza.

"Aliita kutoka nyuma ya pazia," mama alisema. "Sauti tupu. Sefu, Sefu. Sikumwona mtu. Ningeitikaje?"

"Mama, ni nesi! Hata wengine wote anawaita hivyohivyo."

"Mara ya kwanza sikujua. Mara ya tatu, alipotokeza kichwa, nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshasema hupo." Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto kitu rahisi. "Ningesema upo, na aliyeita mara ya kwanza si angesikia?"

"Mama," nikasema, mbele ya waliobaki wote, "umeniua."

Aliivuta kanga yake ikamfunika mpaka paji la uso, na tulirudi Mbagala hivyo.

Wiki ile ya kungoja uvimbe wa shingoni, uliokuwa umeanza kuyeyuka, ulirudi kuonekana. Au niliuona hivyo mimi, niliyekuwa naupapasa kila nikikaa. Hawa alinipigia simu toka Kibiti kila siku, kwanza kuniuliza hali, kisha kuniuliza kama nimezungumza na mama. Sikuwa nimezungumza. Tulikuwa watu wawili chumba kimoja, yeye ananiwekea uji, mimi nakunywa, bakuli linarudi. Wiki ilipofika niliwekewa dripu nikiwa wa kwanza kabisa, kama nesi alivyoahidi. Wakati huo Zainabu na mama yake walikuwa wamekwisha kurudi Umwe.

Dripu ya nne nilikwenda na ndimu yangu mwenyewe mfukoni, nimeshaikata, ili nimwonyeshe Zainabu kwamba mwanafunzi amefuzu. Hakuwepo. Nilijiambia ni barabara. Mama hakujiambia chochote, alitoa simu yake ndogo akampigia mtani wake.

Nilisikia upande mmoja tu. Mama alianza, "Wee mpanda mawe, mko wapi?" Kisha akanyamaza. Kisha akasema "Lini?" Kisha akasema "Inna lillahi" na simu ikabaki sikioni mwake muda mrefu baada ya kukatika.

Zainabu alipata homa siku kadhaa baada ya dripu yake. Wale mnaotibiwa mtakuwa mmeshaonywa, nami narudia: homa baada ya dripu si homa ya kungojea asubuhi. Walijua, hawakungojea. Lakini maji yalikuwa yameikata njia, wakazunguka, gari likakwama, wakambeba. Alifika hospitali ya karibu, akafia hapo. Hakuna aliyekosea. Nimelirudia jambo hili kichwani kutoka kila upande na sijamwona wa kumlaumu.

Mama alikuwa amekwisha kumwona.

"Nilimwonyesha," alisema. Tulikuwa bado kwenye benchi. "Alikuja kumchukua mwanangu, nikamwambia hayupo. Akatazama wa pembeni yangu."

Hapa ndipo nilipoamua kuwa msomi. Nilimwambia mama kwamba Ziraili wa kuita majina ni namna tu ya watu kuipa mauti uso, kwa sababu kitu kisicho na uso kinatisha zaidi. Nikamwambia kila taifa lina wake. Nilimtaja hata yule wa fyekeo. Niliongea vizuri, nafikiri, kwa mtu mwenye vidonda kinywani.

Mama alinisikiliza kama alivyomsikiliza Shehe.

"Uso," akasema. "Unanieleza mimi habari za uso wake. Nimemzalia watatu."

Nikaitoa ndimu mfukoni nikainusa.

Baada ya hapo mama aliacha kuniita. Jalala hakulitamka, Sefu ndiyo kabisa. Akawa ananiambia "wewe." Wewe njoo ule. Wewe vaa sweta. Alipungua mwili kuliko mimi, na ikawa sasa Hawa anapika sufuria mbili za uji, ya mgonjwa wa dripu na ya mgonjwa wa kutokula. Nilimwambia nimemsamehe lile la benchi, akasema, "Wewe si wa kunisamehe." Nami, nawaeleza kwa kuwa nimeahidi kueleza, nilikuwa na fikra yangu niliyoificha: kwamba kiti kile kilikuwa changu, dawa ya siku ile ilikuwa yangu, na kama ningewekewa, homa ile huenda ingenijia mimi. Digrii mbili, na bado nilikuwa nawaza hivyo huku nimeshika kipande cha ndimu.

Arobaini ya Zainabu iliangukia baada ya dripu yangu ya tano. Maji yalikuwa yamepungua na wenye mashamba walikuwa wameanza kuvuna. Daktari alikuwa amenikataza mikusanyiko. Hawa naye alinikataza, kwa sauti kubwa zaidi. Lakini mama alikuwa amekwisha kuvaa, na hali yake ilikuwa si ya kumwachia asafiri peke yake.

Tulifika Umwe hitma imesomwa na vyungu viko motoni. Wanaume walikuwa mbele, wanawake uwani. Mimi nilipewa kigoda mlangoni, katikati, kwa kuwa mgonjwa wa namna yangu hahesabiwi kuwa huku wala kule. Wanawake walipomwona mama wakapiga vigelegele vya kejeli.

"Mndengereko huyo! Ficheni sufuria!"

"Kaja na mtumbwi au kaogelea?"

Walimtazamia utani. Mtani kwenye shughuli kama hii ana kazi yake: atajipaka masizi, atavaa nguo za marehemu aigize anavyotembea, atakalia jamvi akatae kuondoka mpaka apewe kitu. Watu walikuwa wamechoka kulia na walikuwa wanamngoja. Mama alipita katikati yao mpaka alipokaa Bi Somoe, akapiga magoti mkekani.

"Somoe, mimi ndiye niliyemleta Ziraili hapa."

Uwanja ulicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakuna nazi akauliza, "Ulimuonyesha na njia? Maana sisi wenyewe ilitushinda!" Wakacheka tena. Bi Somoe naye alitabasamu, akampiga mama begani.

"Utani wako umezidi leo, we mla kamba."

"Si utani." Mama hakuinua kichwa. "Siku ile kiti hakikuwa wazi. Mwanangu alikuwepo, chooni. Aliitwa, nikasema hayupo. Akachukuliwa wako."

Kicheko kilikoma polepole, kutoka mkekani kwenda nje, mpaka ikabaki sauti ya mbuzi ya nazi peke yake, kisha na yenyewe ikanyamaza. Nilisimama, nikitaka kueleza, sijui nini. Hakuna aliyenitazama.

"Aliitwa mara ngapi?" Bi Somoe aliuliza.

"Tatu."

"Na wewe ukasema hayupo."

"Nikasema hayupo."

Bi Somoe alikaa akichezea ncha ya kaniki yake. Alikuwa amezeeka tangu masika.

"Mimi nilimsukuma," akasema. "Alikuwa amejinyoosha, kachoka na safari, anasema mama, tungoje kidogo. Nikamwambia nyanyuka Zai, nyanyuka upesi, kabla hawajampa mwingine." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningelijua hilo lako, mtani, na mimi ningesema hayupo. Ningesema hayupo mpaka wanifukuze."

Mama akaanza kulia, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na Bi Somoe akamvuta akamlaza mapajani kama wanavyolazwa wafiwa. Mkuna nazi akarudi kwenye nazi yake. Kisha Bi Somoe akanitazama mimi pale mlangoni, kipara changu, kucha zangu.

"Bado zimebaki ngapi?"

"Moja, mama."

Akamwinua mama kwa mabega. "Haya. Huyu nitamweka kwenye dua zangu kila nikisali. Jina lake nani? Wewe siku zote nakusikia unamwita majalala, leo wewe, wewe. Siwezi kumwombea wewe. Dua inataka jina la mtu na la mama yake."

Mama alinitazama. Tulikuwa kwenye nyumba ambayo Ziraili alikuwa amefika, uwani kwenyewe, mchana kweupe. Nilimwona akilitafuta jina kinywani na kulirudisha.

"Sefu," akasema kwa chini. "Sefu wa Mwajuma."

"Nani? Sisikii."

"Sefu!" mama akapaza sauti, uwanja mzima ukageuka. "Sefu wa Mwajuma!"

Nikaitika.